Nimeacha ngano nikapata nafuu, daktari ananirudisha kwenye boflo

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Unguja. Tumbo limenisumbua tangu sijaolewa. Linajaa gesi, linaunguruma mbele za watu, mara naharisha, mara sipati choo kabisa. Kila nikipimwa damu naambiwa ipo chini, nane na kitu, ikipanda sana tisa. Vidonge vya kuongeza damu nimemeza mpaka nimevichoka. Nimetibiwa amiba, nimetibiwa taifodi zaidi ya mara moja, nikaambiwa vidonda vya tumbo. Jirani mmoja akasema hili si la hospitali, nina kitu. Mwaka jana nikashikishwa kile kifimbo cha chuma kinachounganishwa na kompyuta, ikatoka karatasi inayosema ini, figo, nyonga, kila kitu changu kina kasoro, nikauziwa vidonge kwa pesa ambayo hata mume wangu sijamwambia.

Kaka yangu yuko Muscat. Aliumwa kama mimi, akapimwa kule, wakamwambia ana siliaki, mwili wake hautaki gluteni ya kwenye ngano. Akanipigia simu: "We acha ngano, halafu utaniambia." Nikaacha. Dada, wallahi tumbo lilitulia. Nikaanza kulala usiku.

Nikavuka kwenda Dar kwa daktari ili nipate uhakika. Akaniandikia vipimo, kisha akaniuliza kama bado nakula ngano. Nikamwambia nimeshaacha. Akasema nirudi kula kila siku, halafu ndiyo nije nipimwe. Nilitoka pale nimevimba. Mtu kapata nafuu, unamwambia akajiumize?

Na nyumbani si shwari. Naishi na mavyaa wangu, chapati zake zinasifika mtaa mzima, na anayezisukuma ni mimi. Sasa nikikataa kuzila anaona namdharau. Juzi nimemsikia akimwambia mtu barazani kuwa siku hizi kuna wanawake wanaumwa ugonjwa wa Kizungu. Mume wangu si mtu mbaya, ila neno lake ni moja tu: "Kula kidogo, mama asiudhike." Ramadhani hiyo inabisha hodi, na baada ya Idi tuna harusi ya wifi yangu.

Na mwanangu wa pili, ana miaka 4, tumbo kubwa, miguu myembamba. Nimeanza kumnyima mkate kimyakimya.

Je, nirudie ngano kweli? Na nikishaambiwa ninao, nitaishije kwenye nyumba hii?

Msukuma Chapati, Unguja

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mtoto, maana lake ndilo la haraka. Mrudishie mkate leo hii. Sisemi hana kitu. Tumbo kubwa na miguu myembamba kwa mtoto wa umri huo ni jambo la kupelekwa hospitali, na huko wataangalia minyoo, wataangalia uzito na urefu wake kwenye kadi ya kliniki, na wewe utawaambia kwa mdomo wako kwamba mjomba wake ana siliaki na mama yake anashukiwa kuwa nayo. Usipolisema hilo, wengi hawataiwazia. Lakini apimwe akiwa anakula ngano kama kawaida yake. Ukimnyima kimyakimya kisha ukampeleka, majibu yatatoka safi na nyote mtarudi nyumbani mmedanganyika.

Hapo hapo ndipo alipokuwa yule daktari wako wa Dar. Alikuwa sawa. Ila alikuonea kwa kukupa amri bila maelezo, kwa hiyo maelezo nitakupa mimi.

Kipimo cha damu cha siliaki hakitafuti ngano mwilini, wala si kipimo cha mzio. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye ugonjwa huu huzitoa akichokozwa na gluteni, ile protini ya kwenye ngano, na ambazo badala ya kupigana na vijidudu zinaugeukia mwili wenyewe. Kwenye fomu kimeandikwa tTG-IgA. Ukiacha ngano, uchokozi umekwisha, kingamwili zinashuka mwezi baada ya mwezi, na utumbo mwembamba unaanza kujitibu. Ndani ya utumbo huo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki huwa vimelala na kukwanguka kama taulo kuukuu, na ngano ikiondoka vinaota upya. Sasa mtu huyo akienda kupimwa, damu itasema hana, na kamera ikiingizwa tumboni nayo inaweza kusema hana, na ugonjwa anao.

Na ile damu yako ya nane? Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na siliaki hupenda kuharibu hapo hapo. Kama kweli unao ugonjwa huu, si ajabu vidonge vilikuwa vinapita tu. Upungufu wa damu usiokubali dawa za kumeza ni sababu tosha ya mtu mzima kupimwa siliaki, hata asipoharisha.

Wewe tayari umeacha, basi tufanyeje? Kabla ya kugusa boflo, mpigie daktari umuulize jambo moja: naweza kutolewa damu sasa hivi? Kingamwili hazishuki kwa usiku mmoja. Kama umeacha kwa wiki chache, huenda bado ziko juu, na zikiwa juu mmepata pa kuanzia. Zikiwa chini haina maana kwamba huna ugonjwa, bali ndiyo unarudi kwenye ngano alivyotaka. Miongozo ya Uingereza inataka mtu ale ngano katika mlo zaidi ya mmoja kila siku, angalau wiki 6, kabla ya kupimwa. Wamarekani wanakubali kuanzia wiki 2 kwa gramu 3 hivi za gluteni kwa siku, na kuendelea mpaka wiki 8 kwa anayeweza kuvumilia. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina kama gramu 2. Kwa hiyo vipande viwili asubuhi na chapati moja jioni vinakutosha, huna haja ya kujishindilia. Na ukizidiwa, ukaharisha mpaka unaishiwa nguvu, mpigie simu usijikaze, maana muda unaweza kufupishwa.

Kuna na njia ya pembeni ambayo haijali umekula nini, nayo ni kipimo cha jeni. Karibu kila mwenye siliaki ana jeni ya HLA-DQ2 au HLA-DQ8. Usipokuwa na hata moja, siliaki imeshatoka kwenye hesabu na unatafuta sababu nyingine. Ukiwa nayo haijathibitisha kitu, kwa kuwa watu chungu nzima wanazo na wanakula mandazi yao kwa raha. Kwa hiyo hiki ni kipimo cha kuutoa ugonjwa, hakiwezi kuuthibitisha. Si kila maabara inacho na bei yake si ndogo, ulizia kabla hujapanda boti.

Ukifika maabara, angalia fomu ina vitu viwili: tTG-IgA, na IgA ya jumla. IgA ni aina moja ya kingamwili. Wapo watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wagonjwa wa siliaki ni kama 2 au 3 katika kila 100. Hao kipimo cha kwanza kitawaambia hawana hata wangekuwa taabani, na wanahitaji vipimo vya kingamwili za aina nyingine, IgG. Watu husahau hili kila siku.

Damu ikionyesha, kwa mtu mzima kawaida kinachofuata ni endoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera unapita mdomoni mpaka kwenye utumbo, na wanachukua vinyama vidogo sehemu kadhaa, visipungue vinne, kwa sababu uharibifu huwa umekaa madoa madoa. Muhimbili wanafanya, na hospitali nyingine kubwa pia. Huendi ukiwa umekula, na utapewa dawa ya ganzi kooni au ya kukusinzisha. Kwa watoto, kingamwili zikivuka mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na damu ya pili ikathibitisha kwa kipimo kingine, madaktari wa watoto wanaweza kukubali bila kamera. Huenda mwanao akasalimika na mrija.

Kile kifimbo cha chuma sitakitolea maneno mengi. Hakipimi siliaki wala chochote kingine, na pesa yako imekwenda. Na ukikutana na wanaopima damu mara moja kwa vyakula mia kisha wanakukabidhi orodha ya vitu vya kuacha, nacho hicho si kipimo cha siliaki.

Najua unachowaza: nimeshapata nafuu, majibu ya nini tena? Kwanza, kupata nafuu baada ya kuacha ngano hakuthibitishi siliaki. Wapo wenye tumbo nyeti tu wanaosumbuliwa na wanga fulani wa kwenye ngano na vitunguu, na wapo ambao tatizo lao ni maziwa ya kwenye chai waliyokuwa wakinywea ule mkate. Pili, siliaki ni ya maisha. Mwenye uhakika atafuatwa kwa vipimo: kingamwili zake zikaguliwe baada ya miezi 6 na mwaka, mifupa yake iangaliwe, vitamini D, B12 na foleti zipimwe. Asiye na uhakika ataacha Januari, atajaribu sambusa Machi, na mwisho wake anakula ngano huku utumbo ukiungua taratibu bila kupiga kelele. Tatu, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana nafasi kama 1 kati ya 10 ya kuwa nayo, na kwa mtoto wa mgonjwa ni hivyo hivyo. Kaka yako ndiye ushahidi wako mkubwa kuliko ile nafuu. Mwombe nakala ya majibu yake uende nayo. Na mwanao mkubwa naye apimwe, hata kama anakimbia kama farasi.

Sasa tuje barazani. "Ugonjwa wa Kizungu." Mwambie mama kwamba moja ya jamii zilizoonekana kuwa na siliaki kwa wingi zaidi duniani ni Wasaharawi, watu wa jangwa la Sahara Magharibi, Waislamu wala si Wazungu. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wao wanayo, wakati Ulaya ni kama 1 katika 100. India ya kaskazini, kwenye walaji wa mikate ya ngano, imejaa. Mwarabu anayo, kakako shahidi. Ninyi wenye damu za pande zote za bahari hii mna haki yenu kama wengine. Wazungu wenyewe hawakujua kuwa chanzo chake ni ngano mpaka juzi. Miaka ya 1920 Marekani walikuwa wakiwatibu watoto wa ugonjwa huu kwa kuwalisha ndizi, wakaamini ndizi ndiyo dawa, kumbe dawa ilikuwa kile ambacho ndizi ilikiondoa sahanini. Ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeibana ngano. Njaa kubwa ya vita ya 1944 na 1945 ilipoadimisha mkate nchini kwake, watoto wake wagonjwa wakanawiri, na mkate uliporudi wakazorota.

Lakini mavyaa hashindwi kwa historia. Nikwambie ukweli, neno "gluteni" usilitamke mbele yake. Mwambie: mama, daktari amesema utumbo wangu una jeraha, na ngano inalitonesha. Hilo analielewa, kila mtu anajua kidonda kinavyotoneshwa. Na usimwambie baada ya kukataa sahani yake mbele ya wageni. Mfuate asubuhi, peke yake, uketi naye. Tena, kipindi hiki cha kula ngano kwa ajili ya kipimo ni bahati yako: utakula chapati zake, na akuone mwenyewe tumbo linavyokugeuka. Mumeo naye nenda naye siku ya majibu, aisikie kwa masikio yake. Ile "kula kidogo" yake imeshajaribiwa kitaalamu: wagonjwa waliopewa miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa miezi 3, utumbo wao uliathirika. Chukua kipande cha boflo chenye gramu 2, kigawe mara 40, shika kimoja. Kile kinachobaki kwenye vidole ndicho anachokuita kidogo.

Majibu yakithibitisha, jikoni kwenu pana nafuu kuliko unavyodhani, na kuliko alivyo kaka yako huko na foleni za supamaketi. Wali, ugali, muhogo, viazi vikuu, ndizi za nazi, maharage, mbaazi, samaki, mchicha, mayai, vyote halali yako. Mkate wa kumimina ni mchele. Vitumbua ni mchele, ila kwa muuzaji uliza kwanza, wapo wanaopiga ngano humo. Muombe mavyaa awe fundi wako wa vitumbua. Mwanamke mwenye mkono wake jikoni humnyimi kazi, unampa nyingine.

Mitego ndiyo ya kujua. Urojo, ule ujiuji wenyewe wa manjano mara nyingi ni ngano. Boko boko ni ngano tupu. Tambi ni ngano. Katlesi hupakwa chenga za mkate, viazi karai hutumbukizwa kwenye unga. Mkate wa mofa wa zamani ulikuwa wa mtama, wa siku hizi sikudhaminii. Soseji, sosi ya soya, vitunguu vya kukaanga vya pakiti, soma nyuma. Halua, uliza wanga wake umetoka kwenye nini. Shayiri nayo ni adui, iwe ya uji au ya vinywaji vya kimea.

Na uji wa lishe! Huu ndio unaowaangusha wengi, na hasa mwanao. Mahindi, ulezi, soya, karanga, na katikati mtu kaweka ngano kwa nia njema. Hata ukinunua ulezi mtupu, ukaupeleka mashineni nyuma ya mtu aliyesaga ngano, unga wako wa kwanza unatoka na mabaki yake. Nenda asubuhi mapema kabla ya wengine, sagisha mchele wako wa kilo moja hivi kwanza uufanye wa kuku, kisha usagishe wa kula. Au tafuta mashine inayosaga mahindi tu.

Sufuria hazina neno, zinaosheka. Kinachobaki na unga ni chungio, ubao na mti wa kusukumia chapati, na mwiko wa mbao wenye nyufa. Vyako viwe peke yake, tia alama ya rangi. Mafuta yaliyokaangia sambusa usikaangie muhogo wako. Siagi na jamu ziwe na kopo lako, kwa sababu kisu kinatoka kwenye boflo kimebeba chenga na kinaingia moja kwa moja. Na kazi ya kusukuma chapati mwachie mwingine, si kwa sababu unga unaingia kwenye ngozi, ila vumbi lake linatua kinywani na kwenye sahani.

Kaka akitaka kutuma zawadi, mwambie biskuti za "bila gluteni" azile mwenyewe. Ni sukari na wanga, ghali, na madini ni haba. Atume tambi za mchele au za mahindi, ili kwenye futari nawe uwe na bakuli lako. Paketi iwe na alama rasmi. Kiwango cha kimataifa ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Na usiishie kwenye wali mtupu, damu yako bado inadai: dagaa, maini, maharage, majani ya kijani, na vidonge vya chuma ambavyo safari hii vitapata pa kushikia. Maziwa yakikuharisha miezi ya mwanzo usishtuke, mara nyingi ni utumbo haujapona, utayarudia.

Ramadhani yenyewe nakuombea iangukie kwenye zile wiki za kula ngano. Daku boflo, futari tambi na chapati ya mama, na hakuna ugomvi nyumbani mwezi mzima. Ila ukiharisha sana nawe umefunga, hapo una ruhusa ya mgonjwa na hujashindana na mtu.

Harusini, biriani na pilau kula, baada ya kumuuliza mpishi kuhusu vile vitunguu na kama kuku kapakwa unga. Usingoje siku yenyewe kwenye kelele. Mfuate siku moja kabla, anapochambua mchele, na umwambie akuwekee sahani yako mapema kabla miiko haijaanza kuchanganyika.